Kusoma Kumbukumbu za Waliopambana na Pombe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wasomaji wa Dodoma na mikoa ya jirani wanaosoma, au wanaofikiria kusoma, vitabu ambamo watu wanasimulia walivyonaswa na pombe na walivyohangaika kuiacha. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumekuelekeza kwenye swali lake. Kama umeacha kunywa ndani ya siku nne zilizopita, au unapanga kuacha leo, anzia swali la 3.

## Mambo ya mwanzo

1. Kumbukumbu za ulevi ni vitabu vya namna gani?

Ni masimulizi ya kweli ya mtu mmoja, kwa kauli yake mwenyewe, kuhusu maisha yake na pombe. Si tawasifu kamili kama ile ya Shaaban Robert. Mwandishi hasimulii maisha yote, anachukua kipande kile ambacho pombe ilikitawala. Wala si kitabu cha ushauri. Hakikwambii ufanye nini, kinakuonyesha mwenzako alifanya nini na kilimgharimu nini.

Vingi vina sehemu tatu: maisha ya kunywa, kilichotokea mpaka akaacha, na maisha ya sasa. Mpangilio huo ulienea kupitia kitabu cha Alcoholics Anonymous (chama cha walevi wanaosaidiana, tazama swali la 12) kilichotoka Marekani mwaka 1939, ambacho kurasa zake 164 za mwanzo ni mafundisho na nyingi zinazofuata ni shuhuda za wanachama.

Ukitaka kujua kama kitabu kitakufaa, pima sehemu ya tatu. Kuna waandishi wanaotumia kurasa 200 kueleza walivyokunywa na kurasa 20 kueleza walivyoacha. Anayeacha anahitaji kusoma habari za mwezi wa pili, wa tano, wa tisa: Jumamosi jioni mtu anafanya nini, harusini anashika glasi ya nini, rafiki wa kilabuni akipiga simu anajibiwaje. Kabla ya kununua, fungua theluthi ya mwisho usome kurasa tano. Kama bado yuko baa, rudisha rafuni.

2. Kusoma kunaweza kumwachisha mtu pombe?

Peke yake, hapana. Kitabu kinafanya kazi tatu: kinampa msomaji maneno ya kueleza hali yake, kinamwonyesha kwamba hayuko peke yake, na kinamjulisha mapema mitego iliyo mbele. Hizo si kazi ndogo. Lakini mwili uliozoea pombe kila siku unahitaji mhudumu wa afya, na upweke wa jioni unahitaji watu.

3. Nataka kuacha leo. Nianze na kitabu kipi?

Usianze na kitabu. Anza na hospitali, hasa kama unakunywa kila siku, kama asubuhi huwezi kushika kikombe bila kuzimua kwanza, au kama uliwahi kupata degedege ulipojaribu kuacha.

Mwili uliozoea pombe hudai chake. Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho: mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, usingizi kukata. Mtaani watu huiita arosto na kuichukulia kama adhabu ya kuvumilia. Degedege, likija, huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huingia katika kuchanganyikiwa kukubwa. Wanaona wadudu au watu ambao hawapo, wanapandwa na homa, hawajui walipo. Hali hiyo huua, na hutibika mtu akifikishwa hospitalini mapema. Daktari hutumia dawa za kutuliza kama diazepamu kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 kwa ajili ya ubongo. Vyote hivyo hupimwa kwa mgonjwa aliye mbele yake, havinunuliwi kwa kukisia.

Kwa Dodoma, unaweza kuanzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, au kwenda Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Tunajua jina la Mirembe limegeuzwa tusi nchi nzima, na watu wamebaki nyumbani wakitetemeka kwa kuogopa kuonekana getini. Utegemezi wa pombe ni ugonjwa unaotibiwa pale kama mengine, na anayepanga foleni pale ana akili kuliko anayejifungia chumbani na ndoo ya matapishi.

Jambo hili linawahusu pia wanaoacha ghafla kwa sababu ya Kwaresima au Ramadhani. Nia ni njema, lakini mwili haujui kalenda. Kama unakunywa kila siku, nenda kituo cha afya siku kadhaa kabla ya mfungo. Kitabu utakifungua wiki ya pili.

4. Viko kwa Kiswahili?

Vichache mno. Kumbukumbu nyingi za namna hii zimeandikwa kwa Kiingereza, na zilizotafsiriwa ni za kutafuta kwa tochi. Kiswahili kina riwaya zinazomgusa mlevi na nyumba yake, ya kwanza kutajwa ikiwa *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971), lakini riwaya haifanyi kazi ileile (tazama swali la 17). Kwa hiyo wasomaji wengi wa hapa husoma Kiingereza na kujadili kwa Kiswahili. Namna ya kufanya hivyo iko swali la 14.

## Kuchagua kitabu

5. Nisome kipi kwanza?

Inategemea unakunywaje, au ulikunywaje.

Kama una kazi, unafika ofisini saa 1:30, hujawahi kulala mtaroni, na ndiyo maana unajiambia huna tatizo, soma *Drinking: A Love Story* ya Caroline Knapp (1996). Alikuwa mwandishi wa habari mjini Boston, hakukosa kazi, na nyumbani alificha chupa. Kinawafaa sana watumishi wanaokunywa kwa nidhamu mpaka nidhamu inapoisha.

Kama shida yako ni kuamka bila kujua jana ilikwishaje, soma *Blackout* ya Sarah Hepola (2015), ukipitia kwanza swali la 10.

Kama uko kijijini, au umerudi kijijini ili upone, *The Outrun* ya Amy Liptrot (2016) inaeleza mtu aliyetoka London akarudi visiwa vya Orkney, akakaa na upepo, kondoo na ndege. Mandhari ni ya baridi kali, lakini swali lake linaeleweka Kondoa na Mpwapwa: mtu atakaaje mahali pasipo na shughuli bila kunywa?

*The Recovering* ya Leslie Jamison (2018) ni kinene na kinachanganya maisha yake na ya waandishi wengine. Kiweke cha tatu au cha nne.

Kwa asiye na fedha ya kununua, kitabu cha Alcoholics Anonymous husomwa bure kwenye tovuti ya chama hicho.

6. Bado nakunywa. Naruhusiwa kusoma?

Ndiyo, na usingoje uwe msafi kwanza. Soma asubuhi kabla hujanywa. Ukisoma huku umelewa utalia sana na kesho hutakumbuka ulichosoma.

7. Vipi vya kuepuka miezi ya mwanzo?

Epuka kitabu kinachoisifia pombe kwa uzuri wa lugha hata kama mwisho kinailaani. Mfano mkubwa ni *John Barleycorn* ya Jack London (1913). Ni cha zamani, hakina tena hakimiliki, kinapakuliwa bure kutoka maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, kwa hiyo ndicho wengi wanakutana nacho kwanza kwenye simu. Kimeandikwa vizuri kupita kiasi. Mwanzoni kuna mtoto wa miaka mitano anayempelekea baba wa kambo ndoo ya bia shambani, ndoo nzito, bia inamwagika miguuni, naye anaanza kuipunguza kwa mdomo. Mtoto aliyewahi kutumwa kilabuni na kopo hapa kwetu ataisoma sehemu hiyo na kusimama.

Lakini mwisho wake hauachishi mtu. London anasema pombe iondolewe na sheria ili vijana wasiikute, kisha yeye mwenyewe anaamua kuendelea kunywa kwa uangalifu zaidi. Alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 40. Kisome baada ya mwaka mmoja bila pombe, na usikisome peke yako.

8. Yote yanayosimuliwa ni kweli?

Si yote. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha *A Million Little Pieces* ya James Frey, kilichotoka 2003 na kuuzwa sana baada ya mtangazaji Oprah Winfrey kukichagua kwa klabu yake ya vitabu mwaka 2005. Januari 2006 tovuti ya The Smoking Gun ilionyesha kwamba alikuwa ameongeza chumvi: miezi ya jela aliyosimulia ilikuwa saa chache tu polisi. Mwandishi alikiri hadharani, na wachapishaji wakaahidi kuwarudishia fedha wasomaji waliodanganyika.

Uongo wa namna hiyo una madhara ya moja kwa moja. Unamfanya msomaji adhani kwamba bila jela na damu yeye si mgonjwa. Tena kitabu hicho kinasifu kuacha kwa ukali wa moyo peke yake, na mtu akishindwa kwa njia hiyo hujiona dhaifu, kumbe aliigiza jambo ambalo halikutokea.

Tofautisha uongo na usahaulifu. Mlevi hakumbuki kila kitu, na mwandishi mwaminifu husema hivyo: "hapa niliambiwa na dada yangu". Kubadilisha majina ya watu pia si uongo, ni kuwalinda. Tilia shaka kitabu chenye mazungumzo marefu, neno kwa neno, ya usiku ambao mwandishi anakiri alikuwa hajitambui.

9. Si waandishi wengi waliandika vizuri kwa sababu ya pombe?

Raymond Carver, mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani, aliacha pombe tarehe 2 Juni 1977 na akaandika mpaka alipofariki mwaka 1988. Baadhi ya hadithi zake bora ni za miaka hiyo kumi na moja. Mshairi John Berryman alikuwa akiandika riwaya kuhusu kupona ulevi alipojiua mwaka 1972, na ilichapishwa haijakamilika. Pombe haikuwaandikia kitu.

## Kuelewa yaliyomo

10. Mwandishi anasema alitembea, akaongea, akalipa teksi, kisha hakumbuki. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na si sawa na kuzimia. Pombe ikipanda haraka katika damu, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya huacha kufanya kazi huku sehemu nyingine zikiendelea. Mtu yuko macho, anacheka, hata anaendesha pikipiki, ila hakuna kinachorekodiwa. Kuna wanaokumbuka vipande vipande wakikumbushwa, na kuna wanaopoteza saa nzima nzima zisizorudi hata kwa kukumbushwa. Kunywa haraka na kunywa na njaa ndiyo visababishi vikubwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukana kwa kiapo alichosema jana usiku: kwake hakipo. Kwa aliyetukanwa kipo.

11. Vipimo vyao sivielewi. Nitajuaje alikunywa kiasi gani?

Tumia hesabu moja kwa kila kinywaji: mililita, mara asilimia ya kileo, gawanya kwa 100, mara 0.789. Jibu ni gramu za kileo halisi.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni karibu gramu 20. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ni gramu 71. Kile kipaketi cha kiroba cha mililita 100, kabla viroba havijapigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017, kikiwa na asilimia 35 kilibeba gramu 28, yaani zaidi ya bia nzima mfukoni mwa shati. Waandishi wa Marekani wakisema "a fifth" wanamaanisha chupa ya mililita 750 ya pombe kali. Ikiwa ni asilimia 40, hiyo ni gramu 237, sawa na bia kumi na mbili za mililita 500. Neno "proof" kwa Marekani ligawanye kwa mbili upate asilimia. "Pint" ya Uingereza ni mililita 568, na "unit" moja ya kwao ni gramu 8.

Kwa pombe zetu hesabu hii ina kikomo. Ujimbi wa mtama na wanzuki hutofautiana ndoo hadi ndoo kwa kutegemea siku za kuchachuka, na gongo haina kipimo chochote cha kuaminika.

Usitumie hesabu hii kujilinganisha. Watu husoma "chupa nzima kila siku" wakavuta pumzi ya nafuu kwamba wao hawajafika huko. Kipimo cha maana ni maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yanayoitwa AUDIT, yenye alama 0 hadi 40. Alama 8 na kuendelea ni unywaji wa hatari, na 20 na kuendelea inaelekeza kwenye utegemezi. Mhudumu wa afya anaweza kukupitisha kwa dakika chache.

12. Hatua kumi na mbili, "sponsor", "chip", siku 28: ni nini hivi vyote?

Alcoholics Anonymous ni chama cha walevi wanaosaidiana. Kilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, na Bill Wilson na daktari Bob Smith. Tarehe inayohesabiwa kuwa ya kuanzishwa kwake ni 10 Juni, siku Dk. Bob alipokunywa kwa mara ya mwisho. Hakina ada na hakina dini moja.

Hatua 12 ni mwenendo wa kupona. Zinazojitokeza sana vitabuni ni ya 4 na ya 5 (kuandika makosa yako bila kujificha, kisha kumsomea mtu mwingine) na ya 8 na ya 9 (kuorodhesha uliowaumiza, kisha kuwaomba msamaha na kurekebisha, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza zaidi). Ukikuta mwandishi ghafla anafunga safari kwenda kumlipa mtu deni la miaka kumi, yuko hatua ya 9. "Sponsor" ni mlezi, mwanachama aliyetangulia kuacha. "Chip" ni sarafu ya kumbukumbu anayopewa mtu kwa saa 24, mwezi, mwaka. Siku 28 ni muda uliozoeleka wa kulazwa katika vituo vya Marekani, usiufananishe na wa kwetu. Nyumba za upataji nafuu za hapa nchini, ambazo wengi huziita soba, mara nyingi humkalisha mtu kwa miezi.

Baadhi ya waandishi hawataji jina la chama, wanasema tu "mikutano". Kanuni zake zinawataka wanachama wasijitangaze kwa majina kwenye vyombo vya habari.

13. Mimi ni Mwislamu, na vitabu hivi vimejaa mikutano ya kanisani. Vinanifaa?

Mikutano hufanyika kumbi za kanisa kwa sababu ni za bei nafuu, si kwa sababu ni ibada. Hatua 12 zinamtaja Mungu "kama tunavyomwelewa", na kila mtu anajaza kwa imani yake. Kwa Mwislamu kuna uzito wa ziada ambao waandishi hawa hawaujui: aibu ya kunywa kilicho haramu, inayomfanya afiche mpaka ini lichoke. Ukifika sehemu wanayoandika juu ya kuficha chupa, utawaelewa kuliko wanavyojielewa. Kuhusu kuacha mwanzoni mwa Ramadhani, rudi swali la 3.

## Namna ya kusoma

14. Kiingereza changu si kizuri. Nisomeje?

Soma sura nzima bila kamusi, ukipigia mstari kwa penseli maneno yanayojirudia tu. Neno lililokuja mara moja liache lipite. Kisha andika kwa Kiswahili sentensi tatu: alikuwa wapi, alitaka nini, alifanya nini. Ukishindwa sentensi ya pili, rudia sura. Kosa la kawaida ni kutafsiri kila mstari kwa programu ya simu. Mtu anachoka ukurasa wa nne, na programu inageuza methali na matusi kuwa upuuzi.

15. Kurasa ngapi kwa siku, na saa ngapi?

Wiki za mwanzo akili hutawanyika na usingizi ni wa mang'amung'amu. Hilo ni la mwili, si uvivu. Kurasa 10 kwa siku zinatosha: kitabu cha kurasa 300 kinakwisha kwa mwezi.

Mwezi wa kwanza soma asubuhi au baada ya chakula cha mchana. Ile saa uliyokuwa unakunywa usiijaze kwa kitabu kinachozungumzia pombe, ijaze kwa watu na chakula. Baadaye igeuze kuwa saa ya kusoma. Ukisoma kwa simu, pakua faili kisha zima data. Ujumbe wa "tuko hapa, njoo" huwa unaingia saa hiyohiyo.

16. Kitabu kinanitia kiu. Nifanyeje?

Hii hutokea, na haina maana umeshindwa. Maelezo ya glasi yenye umande huamsha hamu hata kwa aliyeacha miaka mingi.

Funga kitabu, weka alama, na andika pembeni neno gani lilianza kukuvuta. Jiulize mambo manne: nina njaa, nina hasira, niko mpweke, nimechoka? La njaa ndilo rahisi kutatua, na mara nyingi ndilo jibu. Kula ugali, kunywa maji, toka nje. Hamu hupanda kisha hushuka, na kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa usipoilisha. Isipolegea, mpigie mtu simu uongee kwa sauti, usitume ujumbe. Kesho ruka sura hiyo. Hakuna sheria inayosema lazima usome zote, na sura za kunywa ndizo zinazofanana zaidi kitabu hadi kitabu.

## Familia na wenzako

17. Baba yangu ni mlevi. Nataka kitabu kinachonielewa mimi.

*Rosa Mistika* iko karibu nawe kuliko kumbukumbu yoyote ya Marekani. Ni riwaya, lakini Zakaria, baba mlevi na mkali wa kule Ukerewe, anafahamika na kila aliyelala akisikiliza hatua za miguu uani. Isome ukijua haina faraja, kwa maana hakuna anayepona. Kwa upande wa kupona, tafuta vitabu vya Al-Anon, chama cha ndugu wa walevi kilichoanzishwa mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa Bill, na mwenzake.

18. Mume wangu anakunywa. Nimpe kitabu?

Kisome wewe kwanza, mpaka mwisho. Usikiweke juu ya mto kitandani, usikipigie mistari sehemu zinazomhusu, usimpe akiwa amelewa wala mbele ya shemeji au wakwe. Kitabu kikija kama mashtaka hakisomwi.

Kinachofanya kazi mara nyingi ni kukiacha mezani na kumwambia asubuhi, akiwa mkavu: "Baba Fulani, nimesoma hiki, kuna sehemu imenigusa." Kisha nyamaza. Kama anakupiga, suala si kitabu tena. Usalama wako na wa watoto ndio wa kwanza: nenda kwa ndugu unaowaamini au dawati la jinsia la polisi.

19. Tunataka kuanzisha kikundi cha kusoma. Tuanzeje?

Watu sita hadi kumi, kila wiki, dakika 90. Dakika 10 za kukumbushana, 30 za mmoja kusoma kwa sauti huku mwingine akieleza kwa Kiswahili, 40 za mazungumzo, 10 za kupanga wiki ijayo. Nakala moja inatosha kikundi kwa sababu mnasomeana. Msitoe fotokopi ya kitabu kizima, ni kumwibia mwandishi. Chai na karanga ziwepo: mtu akiwa na kitu mkononi anaongea vizuri zaidi.

Mahali ni jambo la kufa na kupona. Ukumbi wa maktaba ya mkoa, darasa, ukumbi wa kanisa au msikiti vinafaa. Bustani na hoteli nyingi za mjini zina kaunta ya vinywaji hatua chache kutoka kwenye meza. Angalieni pia njia ya kurudi: mkutano unaoisha saa 1 jioni na kuwapitisha watu mbele ya kilabu umewapeleka wenyewe.

Panga mikutano kwa kalenda ya Dodoma. Kwa watumishi, Ijumaa ya mshahara ndiyo siku ya mkutano, siyo Jumatatu inayofuata. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, huleta wageni, posho na tafrija. Vijijini, mavuno ya mtama na mahindi yakishaingia ghalani hufuata miezi ya kiangazi yenye ngoma, harusi na ujimbi kila kona. Vikundi vingi huenda likizo miezi hiyo, na hapo ndipo wanachama hupotea.

Sheria mbili: majina na habari hazitoki chumbani, na anayefika amekunywa haaibishwi. Anakalishwa, anapewa chai, mmoja anamsindikiza nyumbani na kumtembelea kesho yake.

## Mambo ya pembeni

20. Nalima zabibu. Lazima niache shamba?

Kulima zabibu si kunywa. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora wengi hawaonji mvinyo wao. Hatari iko kwenye kiwanda na kwenye mauzo: kuonja, kusherehekea, kulipwa kwa chupa. Omba kulipwa fedha, uza zabibu mbichi, na wakati wa mavuno, ambayo hapa huja mara mbili kwa mwaka, usifanye kazi ya kusindika mwaka wa kwanza. Mwenye baa yuko hali ngumu zaidi. Mwaka wa kwanza kaunta isimamiwe na mwingine.

21. Na divai ya ushirika?

Mweleze padre au mchungaji faraghani. Kwa Wakatoliki, anayepokea hostia peke yake amepokea komunyo kamili. Makanisa mengine yana taratibu zao, na viongozi wengi wamekwisha kuulizwa swali hili kabla yako.

22. Mwandishi ninayempenda alirudia pombe baada ya kitabu. Kimepoteza thamani?

Kilichoandikwa kwa ukweli kimebaki kweli kwa siku kilipoandikwa. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu kwa watu wengi. Rudi kwenye sura zake za mwisho utafute dalili: aliacha kuhudhuria, alianza kusema "nimepona", alikaa na siri. Sura hizo sasa zina kazi mpya kwako.

23. Daktari mmoja wa Ufaransa aliandika kwamba alijitibu kwa vidonge. Naweza kununua?

Ni Olivier Ameisen, daktari wa moyo, aliyeeleza mwaka 2008 alivyotumia baklofeni kwa dozi kubwa. Usimwige. Dozi kubwa humpa mtu usingizi mzito, huwa hatari zaidi ikichanganywa na pombe, na kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Disulfiramu nayo, inayomfanya anayekunywa augue vibaya, isinunuliwe wala kuchanganywa kwenye chai ya mume kwa siri. Mtu anaweza kufa. Peleka jina la dawa kwa daktari.

24. Nataka kuandika ya kwangu.

Andika daftarini tangu leo, lakini subiri angalau mwaka kabla ya kumwonyesha mtu asiye wa karibu. Dodoma kila mtu anamjua shangazi wa mwenzake, kwa hiyo kubadilisha jina hakutoshi, badilisha kijiji, kazi na idadi ya watoto. Anayetajwa kwa ubaya aulizwe kwanza au aondolewe. Andika tarehe na bei: ulilipa nini, kwa nani, ulikopa wapi. Na usiishie siku uliyoacha. Sehemu ambayo Kiswahili hakina ni ile inayofuata.

25. Vitabu vya waliotumia heroini vinanisaidia mimi wa pombe?

Kwa upweke, uongo nyumbani na kurudia, ndiyo. Kwa mambo ya mwili, hapana. Methadoni inayotajwa humo, na inayotolewa katika kliniki maalumu nchini, ni kwa waraibu wa heroini na jamii yake. Haitibu pombe. Arosto ya heroini hutesa sana lakini mara chache huua yenyewe, wakati ile ya pombe inaweza kuua. Msomaji wa pombe asijipe moyo wa kujifungia ndani siku nne kwa sababu mwandishi wa heroini alifanya hivyo akatoka salama. Utaratibu wake uko swali la 3.